Wa Chini Hana Haraka

Nilikuja kwa mjukuu wangu nikae siku mbili tatu, kama ninavyokuja siku zote. Mkoba wangu wa turubai nikauegemeza nyuma ya mlango, pale ambapo mkono wa mtu anayeondoka huufikia bila kutafuta. Mjukuu huyu ni fundi cherehani. Anakaa ghorofani, juu ya duka la rangi, chumba kikubwa cha kushonea na kidogo cha kulala, na asubuhi harufu ya rangi hupanda kwenye nyufa za mbao kabla hujasikia sauti ya mtu. Ukifumba macho unaiona rangi yenyewe. Siku niliyofika nilinusa bluu.

"Karibu, mume wangu," aliniambia mlangoni, mikono kiunoni, tumbo limetangulia. "Leo umekumbuka kuwa una mke?"

"Nimesikia mke wangu ana mimba," nikamjibu. "Nimekuja kuuliza ya nani."

Alicheka hadi akashika mlango. Ndivyo tulivyo, babu na mjukuu, tangu yeye akiwa hana meno ya mbele na mimi ninayo. Sasa yeye ana yake yote, mimi nabembeleza yaliyobaki. Mume wake wa kweli ni dereva wa malori ya masafa marefu, na wakati ule alikuwa amekwama ng'ambo ya mipaka miwili, gari limevunjika ekseli, anasubiri kipuri. Kwa hiyo nyumba haikuwa na mwanamume ila mimi, na mimi wananiita Kiguu, maana maisha yangu yote ni kiguu na njia. Sijawahi kukaa mahali mpaka mbwa wa mtaa akaacha kunibwekea.

"Kesho nina kliniki," akasema. "Utanisindikiza, au umeshapanga safari?"

"Naondoka Jumatatu. Kesho ni yako."

Mkunga wa kliniki ile alikuwa mama wa makamo, mnene wa mikono, mwenye chombo cha mbao mfano wa tarumbeta ya mtoto: mdomo mpana huuweka tumboni, mdomo mwembamba sikioni.

"Mtoto wako ana tabia ya kujificha," alimwambia mjukuu wangu, kama alivyomwambia mara iliyopita. Akaihamisha tarumbeta yake huku na huku hadi tumbo likajaa alama za duara, kama meza iliyowekewa vikombe vya chai. Kitu alikuwa anakisikia, lakini kinakwenda taratibu, mwendo wa mtu mzima. Na kila mkunga anajua: moyo wa mtoto aliye tumboni hukimbia kama cherehani inayokanyagwa, ukisikia kinachotembea polepole mle ndani, umesikia mshipa mkubwa wa mama. Basi unahama, unamtafuta mtoto kwingine. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyowafundisha wengine.

Akamshika kifundo cha mkono huku sikio likiwa bado kwenye tarumbeta.

"Yanakwenda pamoja," akasema. "Ni mapigo yako mwenyewe, mama."

Lakini mkono hakuuachia. Alikaa hivyo muda, kama mtu aliyekwisha kutoka nyumbani, akasimama njiani akijiuliza kama amezima jiko.

"Pale nje kuna ngazi," akasema mwishowe. "Panda, shuka, panda tena, mpaka uhemee mdomo. Mzee, mfuate nyuma asianguke."

"Akianguka mimi ndiye godoro?"

"Wewe ni mifupa mitupu," mjukuu akasema, anateremka kitandani. "Nikikuangukia nitatoboka."

Tukapanda, tukashuka. Watu waliokaa kwenye mabenchi walitutazama, mwanamke mwenye mimba na kizee nyuma yake, mikono ameitandaza kama anakimbiza kuku. Tuliporudi wote wawili tulikuwa tunahema. Mkunga akamlaza, akamshika mkono.

"Huku mkononi yanakimbia," akasema.

Akainamia tumbo. Akasikiliza. Akahamia upande wa pili, akarudi pale pale.

"Huku yanatembea. Vile vile, hayajabadilika."

Alipoinua kichwa, sauti yake ilikuwa imevua viatu.

"Mama, huyu niliyekuwa namsikia siku zote si wewe. Ni mtoto. Nilidhani ni wewe kwa sababu mwendo wenu ulifanana. Hajajificha hata kidogo, yupo hapa hapa. Ila moyo wake unakwenda polepole mno. Nendeni hospitali kubwa, chumba cha picha za moyo. Leo. Msiseme kesho."

Nimelala kwenye mabehewa yasiyo na injini, nimelala kwenye maghala ya pamba, nimelala chini ya daraja mvua ikinyesha pande zote mbili. Sijawahi kuingia mahali palipofanana na ndoto kama chumba kile cha picha. Kiko chini ya ardhi, mwisho wa ukumbi mrefu. Ndani giza, na baridi, kwa sababu mashine haipendi joto. Mpiga picha, mwanamke mrefu mwenye mikono mirefu, anavaa sweta zito mwaka mzima, na hospitali nzima inamwita Mama Sweta. Akifanya kazi huimba kwa pua, wimbo usio na maneno, wala hauna mwanzo.

Alimpaka mjukuu wangu mafuta mazito tumboni, akaweka juu yake kitu kama pasi ndogo. Kioo kikawaka. Mwanzoni niliona mvua tu, mvua ya kijivu kwenye dirisha. Halafu mvua ikajikusanya. Ikawa uti wa mgongo kama kitana, ikawa kiganja kinachofunguka, kikapotea. Kisha katikati ya mvua nikaona kitu kisichozidi ukucha wa dole gumba, kinajifumba na kujifumbua.

"Ndiye huyo," Mama Sweta akasema.

Nilijikuta nimevua kofia.

"Mimi nilishawahi kubandikwa nyaya kifuani," nikamwambia, ili nisikie sauti ya mtu. "Wakasoma umeme wa moyo, wakaniambia nipunguze kutembea. Huyu hamumbandiki?"

"Nitambandika wapi, mzee wangu? Yuko ndani ya maji, ndani ya mama yake. Umeme wake mdogo, wa mama unaumeza. Hapa umeme hatuutazami. Tunaitazama nyama inavyotii. Nyama ikijivuta, tunajua umeme umefika. Isipojivuta, tunajua umepotea njiani."

"Kama kujua upepo kwa kutazama nguo kwenye kamba."

"Ee, hivyo hivyo. Sasa nyamaza kidogo, babu, nipate mstari wangu."

Akachora mstari mmoja mwembamba ukapita katikati ya moyo ule, ukigusa chumba cha juu na chumba cha chini, na picha ikabadilika. Haikuwa moyo tena. Ilikuwa mistari miwili inayotembea kutoka kushoto kwenda kulia, mmoja juu, mmoja chini, kila mmoja na mawimbi yake. Ya juu yalikuwa madogo, yamesongamana, yanakimbizana. Ya chini makubwa, mapana, moja hapa, jingine kule, kama vilima unavyoviona ukiwa ndani ya treni umeanza kusinzia.

Hapo ndipo wimbo wa Mama Sweta ulipokatika.

"Nini?" mjukuu akauliza.

"Subiri nimwite daktari."

Daktari wa mioyo ya watoto alikuwa kijana mwenye upara wa mapema, mwenye tabia ya kuchuchumaa anapozungumza na mgonjwa ili macho yawe sawa. Alichuchumaa kando ya kitanda, akaitazama mistari ile, akaitazama tena.

"Moyo una vyumba vya juu na vyumba vya chini," akasema. "Amri inatoka juu, inashuka kwa njia moja nyembamba iliyo katikati, chini wanaitika. Kwa mtoto huyu juu hakuna tatizo, wanapiga vizuri kabisa. Lakini amri haishuki. Njia imekatika. Chini hawasikii chochote, kwa hiyo wanajipigia wenyewe, kwa mwendo wao."

Mjukuu wangu aliifuata mistari ile miwili kwa kidole, hewani. Halafu akasema, "Sindano inashuka, uzi wa chini haukamati."

"Wewe ni fundi?"

"Fundi cherehani."

"Basi umenielewa kuliko wanafunzi wangu. Macho yako huwa yanakauka? Viungo vinauma?"

"Vinauma. Macho makavu kama yana mchanga. Nilidhani ni vumbi la vitambaa."

Daktari akaitikia kwa kichwa polepole. Akaeleza kwamba damu ya kila mtu ina askari wake. Damu yake ilikuwa na askari waliopita kwa mtoto, wakaiona ile njia ya katikati, wakadhani ni adui.

"Kwa hiyo ni mimi niliyeikata."

"Si wewe. Wewe hukuwatuma. Ulikuwa hujui hata kama unao." Akasogea karibu. "Sikiliza sasa. Njia haitarudi. Lakini mtoto anaweza kuishi, maana huko chini bado wanapiga. Kazi yetu ni kumwacha akue ndani mpaka atoshe kuwekewa betri ndogo ya moyo, ya kuuamsha upige. Kila wiki utakuja hapa. Tukiona chini kunazidi kupoa, mwendo unapungua, au tukiona maji yanakusanyika pembeni mwa moyo, itabidi tumtoe mara moja. Na tukimtoa akiwa hivi alivyo sasa, mwili wake hauna hata nyama ya kushikilia betri."

"Kwa hiyo namwombea akawie," mjukuu akasema.

"Akawie, na asichoke."

Tulirudi nyumbani bila mzaha. Siku ile duka la chini lilikuwa linachanganya kijani. Mjukuu hakuvua hata viatu. Alikwenda nyuma ya mlango, akachukua mkoba wangu, akaubeba mpaka kwenye cherehani. Akabadilisha sindano, akaweka ile nene ya kushonea turubai, akakunja mdomo wa mkoba, akaupitisha. Akashona kutoka upande mmoja mpaka mwingine, akarudia, mishono miwili sambamba, mizuri kweli, imenyooka kama reli.

"Jumatatu imekufa," akasema, akikata uzi kwa meno.

"Nguo zangu zimo humo."

"Vaa za mume mwenzio."

"Na wembe wangu?"

"Fuga ndevu. Utapendeza."

Basi nikabaki. Nilivaa mashati ya dereva, ambaye ni mtu mpana, nikawa natembea ndani ya shati kama mtu anayetembea ndani ya hema. Ndevu zikaota, nyeupe, zenye kichaa chao. Nikajifunza vitu ambavyo mtu wa njia havijui: kwamba majani ya mti ule ule hubadilika rangi ukiyatazama kila asubuhi, kwamba mwenye duka la rangi hupiga chafya kabla ya kufungua mlango, kwamba mbwa wa mtaa huacha kubweka, kumbe, kisha hukufuata.

Kila wiki tulishuka kwenye chumba cha baridi. Tulijifunza kusikiliza wimbo. Mama Sweta mdomo wake haukuwa na ruhusa ya kutuambia neno kabla ya daktari, lakini pua yake haikukatazwa. Wimbo ukiendelea, tunajua chini bado wanapiga kama juzi na maji hakuna. Mjukuu alikuwa anafumba macho wala hatazami kioo. Anasikiliza pua ya mwanamke mwingine kama mtu anayesikiliza redio kwa habari za vita.

"Naona babu anageuka kondoo," Mama Sweta alisema siku moja, akiniangalia kidevu.

"Huyu mke wangu kaniibia wembe."

"Nimeufunga gerezani," mjukuu akasema, macho bado kafumba.

Ukumbini, kwenye benchi, usingizi ulikuwa unanichukua mchana kweupe. Na kila mara ndoto ilikuwa moja. Nimo kwenye nyumba niliyowahi kupanga chumba zamani, mji wenye vumbi jekundu, nyumba ya ghorofa moja. Nimesimama pale palipokuwa na ngazi, lakini ngazi hazipo, kuna mwanga tu unaoshuka na chembe za vumbi ndani yake. Juu watu wanakimbia, wanagonga sakafu kwa visigino: hodi, hodi, hodi. Chini bibi mmoja kainamia jiko lake, kanipa mgongo. Nataka kumwambia anaitwa. Nafungua mdomo, unatoka wimbo wa pua.

Nilimsimulia mjukuu habari ya nyumba ile, ile ya kweli, siku tuliyokuwa tunakunja vitambaa pamoja. Ngazi zilikuwa za mbao, zikaoza, siku moja zikaanguka zote. Juu kulikuwa na familia kubwa yenye fujo, chini bibi mmoja kiziwi ndiye aliyekuwa akiwapikia. Waligonga sakafu mpaka vumbi likadondoka, wakaita, wakatukana. Bibi hakusikia. Hata angesikia asingeweza kupanda. Lakini ilipofika saa anayoijua yeye aliwasha jiko, akapika, akafunga sufuria kwa kamba, akatoka nje, wakaivuta kupitia dirishani.

"Kwa mwendo wake mwenyewe," nikasema. "Wa chini hana haraka. Lakini hakuna aliyekufa njaa."

Mjukuu alikuwa na pini mdomoni, akaendelea kukunja. Ila tangu siku ile akawa akiweka mkono tumboni anasema, "Bibi wa chini, hujambo? Pika taratibu, usiunguze."

Tumbo likakua. Daktari akawa anachuchumaa kwa shida kidogo na kuinuka kwa furaha kidogo. "Bado," alikuwa akisema. "Bado kidogo, tunakwenda vizuri." Mjukuu akaanza kushona vitu vidogo sana, vya kuvaa mtu mwenye ukubwa wa kiatu. Mume alipiga simu kutoka huko mpakani, kipuri kimefika lakini si chenyewe. Akalia kwenye simu, mkewe akamwambia acha, utaharibu betri ya simu, na sisi huku tunaitafuta betri.

Kisha ikaja ile wiki.

Mama Sweta alianza wimbo kama kawaida. Pasi ndogo ikateleza, mvua ikajikusanya. Nilikuwa nimeshazoea, ule moyo nilikuwa naujua kama uso wa jirani. Na mimi, nisiyejua kusoma picha zile, niliona kitu ambacho wiki iliyopita hakikuwepo: uzi mweusi, mwembamba, umeuzunguka moyo upande mmoja, kama mtu ameuchora kwa penseli.

Wimbo ukakatika.

Mjukuu akafumbua macho. Hakumuuliza Mama Sweta. Aligeuza kichwa akaniangalia mimi.

"Babu. Yule bibi wa chini. Mwisho wake ulikuwa nini?"

Mama Sweta alikuwa ameshatoka kumwita daktari. Mashine ilikuwa inanguruma taratibu. Kwenye kioo mistari miwili imesimama, mawimbi ya juu yamesongamana, ya chini yameachana mbali, mbali kuliko zamani.

"Sijui," nikasema.

"Hujui vipi? Ulikuwa unakaa pale."

"Niliondoka."

"Kabla ya kujenga ngazi?"

"Kabla. Ilikuwa wakati wa kuondoka, nikaondoka. Sikujua kama walijenga ngazi, wala kama bibi alichoka. Hadithi zangu nyingi ziko hivyo, mke wangu. Nina mianzo tu."

Alinitazama, na kwenye giza lile sikuona kama anataka kulia au kunipiga. Akanishika mkono wa shati, lile shati la mumewe, akalivuta kama mtu anayejaribu mshono kama umekaza.

"Hii utakaa mpaka mwisho," akasema. "Wowote utakaokuwa. Sitaki nije nibaki peke yangu najua mwisho, na wewe huko uendako unawasimulia watu mwanzo."

"Nitakaa."

"Sema wowote."

"Wowote."

Daktari aliingia, akachuchumaa. Alitazama ule uzi mweusi. "Ndiyo maji yenyewe," akasema. "Moyo umeanza kuchoka. Na chini kumepoa. Tungependa angekaa kidogo zaidi, lakini amekua, si yule tuliyemwona mara ya kwanza. Nampigia daktari wa operesheni. Hatutoki tena hospitali, mama."

"Atatosha kwa betri?"

Daktari hakukimbilia kujibu, na kwa hilo nilimheshimu. "Nadhani atatosha. Sina hakika. Kama hatoshi, tutampitishia moyoni waya wa umeme kwa muda, tukisubiri anenepe."

Mlango wa chumba cha operesheni una vioo viwili vya duara, vimepakwa rangi nyeupe kwa ndani ili watu kama mimi wasichungulie. Nilikaa mbele yake. Nesi mmoja alinipita akasema, "Subira huvuta heri, mzee," nikamwambia, "Basi ivute kwa kamba nzito, binti yangu," akacheka, akaenda zake. Miguu yangu ilitaka kuondoka. Nawaambia kweli, miguu ina akili yake. Ilikuwa inajisogeza chini ya benchi, kulia, kushoto, inatafuta njia. Nikaifunga moja juu ya nyingine. Nikafumba macho nikajikuta tena pale palipokuwa na ngazi. Safari hii nilikaa chini, kwenye vumbi jekundu, nikaegemea ukuta. Bibi alikuwa kanipa mgongo. Jiko halijawaka. Juu wanagonga. Sikumwita, sikuondoka. Nilikaa tu nikamtazama mgongo, nikaona anapumua.

Sauti iliyoniamsha ilikuwa kama ya paka aliyekanyagwa mkia. Nyembamba, ya hasira.

Mlango ukafunguka, manesi wakapita na kitoroli cha kioo, mbio, nikaona kitu chekundu kimevaa kofia, mdomo wazi. Msichana. Daktari mwenye upara alikuwa anatembea kando, hakusimama, lakini aliniinulia kidole gumba akiwa anapita.

Hakutosha siku ile. Wakampitishia waya. Kulikuwa na siku ambazo sitazisimulia, kwa sababu zilikuwa za kusimama na kukaa tu, za kunawa mikono mpaka kiwiko na kuangalia kupitia kioo. Mama yake alikamua maziwa, wakamlisha kwa mrija, tone kwa tone. Akanenepa kama unavyokua ukucha, yaani huoni. Kisha asubuhi moja daktari wa operesheni akambonyeza paja, akasema, "Haya, sasa kuna pa kushikia," na ile betri ikaingia chini ya ngozi ya tumbo, kitu mfano wa kifungo cha koti zito, na waya wake ukapanda mpaka vyumba vya chini vya moyo.

Siku chache baadaye tulikuwa wodini, mjukuu kakaa kwenye kiti na mtoto kifuani, nikasikia mlangoni, "Hodi."

Sikuitambua sauti, kwa sababu sikuwa nimewahi kuisikia kwenye mwanga. Alikuwa Mama Sweta. Kule juu kuna joto, lakini sweta alikuwa nalo.

"Karibu," mjukuu akasema.

"Huwa siji huku," Mama Sweta akasema, kasimama tu. "Kazi yangu inaishia kule chini. Mioyo naijua, nyuso sizijui." Akamwinamia mtoto. "Kumbe una pua ya babu yako, maskini."

"Mwache, ndevu atakuwa hana," nikasema.

Alikuja na mashine ndogo ya magurudumu. Akampaka mtoto mafuta kifuani, akaweka pasi ndogo zaidi ya ile, akachora mstari wake. Mistari miwili ikaanza kutembea. Mawimbi ya juu yalikuwa yanakimbia kama zamani. Ya chini hayakufuata ya juu, hilo niliona. Lakini yalikuwa yamekaribiana, yamesimama wima, yanakuja kwa zamu, moja, moja, moja, kama nguzo za barabarani.

"Ngazi bado hazipo," akasema. "Juu wanakwenda na yao, chini na yao. Akiwa mkubwa wanaweza kumwekea betri ya kuunganisha pande zote mbili. Kwa sasa hii inamgusa wa chini bega, asisinzie."

"Maji?" mjukuu akauliza.

"Unayaona maji hapa?"

Hakuyaona, wala mimi sikuyaona. Mama Sweta akaendelea kutelezesha ile pasi, na pua ikaanza. Mjukuu wangu alifumba macho akasikiliza wimbo wote, mpaka ulipokwisha, kama una mwisho.

Tuliporudi nyumbani duka la chini lilikuwa linachanganya nyeupe. Dereva alikuwa amefika, ekseli mpya, macho mekundu ya barabara. Alimshika binti yake kama mtu aliyekabidhiwa yai la moto, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, hilo si shati langu?"

"Muulize mkeo. Mimi nimevalishwa."

Mjukuu akacheka, kicheko cha kwanza tangu majani ya mti ule yaanze kubadilika. Akamwachia mumewe mtoto, akaenda nyuma ya mlango, akarudi na mkoba wangu na kisu chake kidogo cha kufumulia. Akaketi, akauweka magotini.

"Umekaa mpaka mwisho," akasema. "Sikufungi tena. Ukitaka kesho, kesho."

Akaingiza ncha chini ya mshono wa kwanza. Nyuzi zikaanza kuachia, tik, tik. Nikautazama mkoba, turubai limepauka pale nilipozoea kulishika. Nikatafuta ndani ya kichwa changu kilichomo humo, na kati ya vyote nikakumbuka kitu kimoja tu ninachokihitaji.

Mtoto alikuwa ameanza kulia. Nilimchukua kwa baba yake, nikainama niweke sikio kifuani pake, nisikie huyo wa chini anavyokwenda. Ndevu zikamchoma, akapiga kelele ile ya paka.

"Usifumue wote," nikamwambia mjukuu. "Fungua pa kupita mkono tu, nitoe wembe."